Majivu ya Gandhi katika mto wa Jinja

Nianze na jambo ambalo huku kwetu Tunduru hata wasomi wanalichanganya. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, yule ambaye wazee wetu walimwita Baniani. Wapo Wahindi Waislamu, Wakristo na Masingasinga. Tukielewana hapo, twende Jinja, Uganda.

Nilifika pale ufukweni ambako Mto Nile unatoka Ziwa Victoria. Ng'ambo ya magharibi kuna mnara wa Speke, Mwingereza aliyefika mwaka 1862 na kutangaza kwamba chanzo cha Nile kimepatikana (Wasoga na Waganda waliokuwa wakinywa maji hayo sijui walikuwa wamepotelea wapi!). Upande wa mashariki, bustanini, kuna sanamu ya kichwa cha Mahatma Gandhi. Waziri Mkuu wa India, I.K. Gujral, aliizindua mwaka 1997. Watalii wengi wanapiga picha na kuondoka. Wahindu wanavua viatu.

Sababu ni hii. Gandhi aliuawa Delhi tarehe 30 Januari 1948. Tarehe 12 Februari majivu yake yalitiwa majini pale Ganga na Yamuna zinapokutana, katika mji wa Allahabad, ambao tangu 2018 unaitwa Prayagraj. Wahindu wanaamini mto wa tatu, Saraswati, usioonekana kwa macho, unaungana nayo hapo hapo, ndiyo maana mamilioni huenda kuoga kwenye Kumbh Mela. Lakini majivu hayakwenda yote huko. Yaligawanywa, na sehemu ililetwa Jinja mwaka huo huo wa 1948 ikamwagwa katika Nile.

Jinja hakuna mito inayokutana. Kuna ziwa linalozaa mto. Ila mahali pa hija kwa Kisanskriti panaitwa tirtha, na maana yake ya asili ni kivuko. Sisi tunaoishi na Ruvuma tunajua kivuko ni nini: ni pale watu walipoamua kupita.

Na Mabaniani wa Uganda walikuwa wameamua. Mmoja wao, Nanji Kalidas Mehta, alianzisha mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari Lugazi, kati ya Kampala na Jinja. Baadaye ndiye aliyejenga Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu pale Porbandar alikozaliwa Gandhi. Hebu fikiria, pesa za miwa ya Uganda zinajenga mahali pa hija India, halafu majivu ya India yanafanya mto wa Uganda kuwa mahali pa hija. Mtu anayefanya hivyo utamwita mgeni mpaka lini?

Idi Amin alikuwa na jibu lake. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Makumi ya maelfu wakaondoka, viwanda na maduka yakagawiwa wengine, na mitaa ya Jinja, mji uliokuwa na Wahindi wengi, ikachakaa. Mpiga kasia aliyenizungusha majini alisema maji ya pale huchukua kama miezi mitatu kufika bahari ya Mediterania. Siku 90 hizo hizo, nikajisemea. Miaka ya 1980 familia za Mehta na Madhvani zilirudi kufufua sukari, na chini ya Museveni wengine wakarudishiwa majengo yao.

Najua wapo watakaocheka habari ya maji matakatifu. Sisi wa mkoa wa Ruvuma tusicheke. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, na watu kutoka Umatumbi mpaka Ungoni wakaenda vitani dhidi ya Wajerumani kwa imani ya maji hayo. Songea tunawakumbuka kila Februari mashujaa walionyongwa mwaka 1906. Hakuna anayethubutu kusema pale makumbusho kwamba yalikuwa maji tu.

Ndiyo maana lilinikera swali la kijana mmoja kwenye mtumbwi wetu, Mtanzania mwenzangu, msomi kabisa: "Hivi hawa Wahindi si wana mito yao kwao?" Alikuwa akimtazama bibi mmoja wa Kihindi aliyeinama ukingoni, akichota maji kwa viganja. Mpiga kasia, Msoga, hakugeuka hata kidogo. Akasema yule bibi amezaliwa Jinja.