Himaya ya Nani? Istilahi Iliyoipa Ujerumani Makoloni

Februari 27, 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser Wilhelm wa Kwanza alitia saini waraka mfupi kuhusu nchi ambazo hakuwahi kuziona: Usagara, Nguru, Useguha na Ukami, ambazo leo zote zimo Tanzania. Kwa Kijerumani waraka huo unaitwa Schutzbrief, barua ya ulinzi, na nchi zilizotajwa ndani yake zikahesabiwa kuwa Schutzgebiet. Schutz ni ulinzi. Gebiet ni eneo. Kiswahili kimezoea kuifasiri istilahi hiyo kwa namna tatu: wengine huandika "himaya", wengine "nchi lindwa", na wengine hukata shauri na kusema "koloni". Maneno hayo hayalingani, na anayechagua mojawapo bila kujua barua ile ilimlinda nani anaweza kumpa msomaji historia iliyopinda.

Ujerumani iliyoandika barua hiyo ilikuwa dola ya miaka 14. Kabla ya Januari 18, 1871, jina Ujerumani lilitaja lugha, watu na msururu wa falme na miji huru, kila mmoja na mtawala wake. Prussia iliishinda Ufaransa vitani, ikaziunganisha falme hizo, na mfalme wake akatangazwa Kaiser ndani ya kasri la Versailles, katika ardhi ya adui aliyeshindwa. Ureno, Uholanzi, Uingereza na Ufaransa zilikuwa na makoloni ng'ambo kwa karne kadhaa. Dola mpya haikuwa na hata kisiwa.

Otto von Bismarck, Chansela aliyeiunda dola hiyo, hakuwa na haraka ya kuyatafuta. Koloni lilihitaji gavana, jeshi, manowari na fedha za kuombwa bungeni kila mwaka, naye mawazo yake yalikuwa kwenye mipaka ya Ulaya, hasa wa Ufaransa. Mwaka 1884 alilegea. Wanahistoria wanabishana hadi leo juu ya sababu iliyokuwa na uzito zaidi: uchaguzi wa mwaka huo, ushindani na Uingereza, au kelele za wafanyabiashara wa Hamburg na Bremen. Alichokubali, hata hivyo, kinaeleweka vizuri. Wafanyabiashara wajitafutie ardhi na kuitawala kwa gharama zao. Dola iwape bendera na kuwakinga dhidi ya mataifa mengine ya Ulaya. Istilahi ya mpango huo ndiyo Schutzgebiet. Kwa macho ya Bismarck ilikuwa njia ya kupata faida ya ukoloni bila kubeba mzigo wake.

Mfano wa kwanza ulitoka katika nchi ambayo leo ni Namibia. Adolf Lüderitz, mfanyabiashara wa tumbaku wa Bremen, alinunua ghuba ya Angra Pequena kutoka kwa Josef Frederiks, kiongozi wa Wanama wa Bethanie. Mkataba wao wa pili, wa Agosti 1883, ulimpa Lüderitz ukanda wa pwani wenye upana wa maili 20. Maili aliyoijua Frederiks ilikuwa ya Kiingereza, ya kilomita 1.6. Maili iliyoandikwa ilikuwa ya kijiografia ya Kijerumani, yenye zaidi ya kilomita 7. Kwa hesabu ya Frederiks, alikuwa anatoa kama kilomita 32 kuingia bara. Kwa hesabu ya karatasi, zilimtoka karibu 150. Aprili 24, 1884, Bismarck alipeleka telegramu kwa balozi mdogo wa Ujerumani mjini Cape Town: Lüderitz na mali yake wako chini ya ulinzi wa dola. Frederiks, aliyedhulumiwa kwa kipimo cha maili, hakuwa ndiye mlindwa. Julai mwaka huohuo Gustav Nachtigal, mjumbe wa dola, alipandisha bendera ya Kijerumani Togo, na siku chache baadaye Kamerun.

Afrika Mashariki ilifuata njia iliyopinda zaidi. Carl Peters, kijana wa miaka 28 aliyekuwa ameanzisha Chama cha Ukoloni wa Kijerumani, alifika Unguja Novemba 1884. Huko alikabidhiwa ujumbe kutoka Berlin kwamba asitarajie ulinzi wowote wa dola. Akavuka hata hivyo hadi bara, akapita Saadani, na katika wiki chache akakusanya mikataba 12. Unaokumbukwa zaidi ni ule wa Msovero, Usagara, wa Novemba 29, 1884, ambao kila mwanafunzi wa Tanzania anaujua kwa jina la Chifu Mangungo. Karatasi ilimwita Mangungo "Sultani" na kusema kwamba anaitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa ukoloni wa Kijerumani milele. Ilikuwa kwa Kijerumani.

Peters mwenyewe ameeleza jinsi shughuli hizo zilivyokwenda: zawadi, vinywaji, bendera juu ya mlingoti, hotuba ya Kijerumani, kisha risasi zikafyatuliwa mara tatu hewani ili wenyeji waone yatakayowapata wakivunja mkataba. Mtu anayefyatua risasi ili kumtisha mwenyeji wake hajaja kumhami.

Tuirudie sasa barua ya Kaiser. Ilichokiweka chini ya ulinzi ni chama cha Peters na maeneo kilichodai kuyapata. Iliwapa wenye chama haki ya kutumia mamlaka yote yaliyotajwa katika mikataba, ikiwamo kuwahukumu wenyeji, kwa sharti kwamba chama kibaki cha Kijerumani na serikali ya Kaiser ikisimamie. Kwa hiyo mlindwa alikuwa mwenye chama. Mangungo na watu wake walikuwa sehemu ya kitu kilicholindiwa mtu mwingine, kama ng'ombe wa zizini. Hapo ndipo istilahi yote inapofunguka.

Sheria ya mataifa nayo ilisaidia. Mkataba wa Berlin uliitaka dola inayotwaa pwani ya Afrika au kuitangaza kuwa eneo la ulinzi iziarifu dola nyingine. Hayo yamo katika kifungu cha 34. Kifungu cha 35, kinachodai kuwe na utawala wa kweli mahali palipotwaliwa, kiliyaacha maeneo ya ulinzi nje. Waingereza ndio walioshikilia jambo hilo, na Bismarck akaridhia. Ukiita nchi koloni, ulipaswa kuitawala. Ukiiita eneo la ulinzi, uliweza kumzuia jirani asiingie bila kupeleka hata karani mmoja.

Sultan Barghash bin Said wa Zanzibar, aliyehesabu bara hiyo kuwa chini yake, alipinga kwa telegramu. Jibu lilifika Agosti 7, 1885: manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, na kabla ya mwezi kwisha akakubali. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani ziligawana bara kati yao na kumwachia Sultani ukanda wa pwani wa maili kumi.

Kampuni iliyotokana na chama cha Peters haikuweza kazi yake. Agosti 1888 ilianza kuisimamia pwani iliyoikodi kwa Sultan Khalifa, na mara moja Pangani ikalipuka, kisha miji mingine ya Mrima, yaani pwani hiyo, chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Mapema mwaka 1889 bunge la Ujerumani lilitoa mark milioni 2 kwa sheria ambayo jina lake lilitaja kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Ulinzi ule ule, safari hii kwa mizinga ya kamanda Hermann Wissmann na askari aliowaajiri Misri na Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Januari 1, 1891, dola iliichukua nchi mikononi mwa kampuni, na mzigo ambao Bismarck aliukwepa ukawaangukia waliomrithi.

Kisha mambo yakaenda kasi. Kiaochow nchini China ilikodiwa kwa miaka 99 mwaka 1898. Visiwa vya Caroline na Mariana vilinunuliwa kutoka Hispania mwaka 1899. Samoa ya magharibi ikafuata. Dola iliyokuwa bila kisiwa mwaka 1871 ilishika maeneo ya ng'ambo yaliyoizidi yenyewe mara tano hivi kwa ukubwa. Afrika Mashariki ya Kijerumani peke yake, pamoja na Rwanda na Burundi, ilikaribia kilomita za mraba milioni 1. Katika sheria, yote hayo yaliitwa maeneo ya ulinzi hadi mwisho.

Katika tafsiri tatu za Kiswahili, iliyo dhaifu kuliko zote ni "nchi lindwa". Kitenzi chake kimetendwa lakini mtenda hayupo. Imelindwa na nani, dhidi ya nani? Msomaji asiyejua atajaza pengo kwa hisani, adhani kulikuwa na nchi iliyotishwa na rafiki aliyeikinga. "Himaya" ina mizizi mirefu zaidi. Ni neno la Kiarabu, ndugu wa kitenzi "kuhami", na mtu aliye chini ya himaya ya mwingine ana haki ya kumtegemea. Lakini neno hilo limepanuka: leo tunasema himaya ya Warumi na himaya ya Waingereza kwa maana ya milki nzima. Sentensi kama "Zanzibar ilikuwa himaya ya Waingereza" inakubali maana zote mbili, na mwandishi makini hana budi kuifafanua.

Njia iliyo bora ni kutumia "eneo la himaya" pale tu panapozungumziwa hadhi ya kisheria, na kutaja papo hapo aliyehamiwa: kampuni, mfanyabiashara, au maslahi ya dola. Utawala wenyewe, hasa baada ya 1891, uitwe ukoloni. Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa Schutztruppe, jeshi la makoloni hayo. Ukiliita "jeshi la ulinzi", msomaji wa leo atafikiria jeshi la taifa lake, ilhali lile lilichoma mashamba na maghala ya kusini wakati wa vita vya Maji Maji. Makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa katika vita hivyo na njaa yake yanafika watu 250,000 hadi 300,000. "Jeshi la kikoloni la Kijerumani" linatosha.

Watu wa pwani walioyaona hayo walikuwa na neno lao. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Abushiri unajulikana kwa jina la Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Wadachi ni Wajerumani, na kutamalaki ni kuifanya nchi milki yako. Hata Berlin hatimaye ilikaribia ukweli huo: mwaka 1907 ilianzisha wizara ya kusimamia maeneo hayo na kuiita Ofisi ya Makoloni ya Dola, ingawa sheria zake ziliendelea kusema Schutzgebiet.

Ukanda wa maili kumi uliobaki kwa Sultani mwaka 1886 uliendelea kudai istilahi yake kwa muda mrefu zaidi. Sehemu yake ya kaskazini iliangukia kwa Waingereza, na kuanzia 1920 jina rasmi la Kenya lilikuwa na nusu mbili: Koloni, yaani bara, na Himaya, yaani Mwambao, uliotawaliwa kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru, ilibidi mkataba utiwe saini London ili Sultani aache madai yake na Mwambao uwe sehemu ya Kenya. Mtafsiri wa hati za wakati huo akiyachanganya maneno hayo mawili, atakuwa ameufuta mpaka ambao Mombasa iliishi nao hadi bendera mpya ilipopandishwa.