Elimu ya Mhandisi na Maji ya Babati

Neno kuhitimu lina nasaba moja na khitima. Mtoto wa chuoni afikapo mwisho wa msahafu huombewa dua, wazazi wake hufanya karamu, na jambo likahesabiwa kuwa limekwisha. Vyuo vikuu vilipozaliwa katika Afrika ya Mashariki, neno hilo liliingia navyo bila kupingwa. Kwa mhandisi, walakini, ni neno la kutahadhari nalo, kwa sababu nchi aliyoisomea huendelea kubadilika baada ya yeye kupokea shahada.

Katika siku za Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, kati ya 1963 na 1970, uhandisi ulifundishwa Nairobi. Dar es Salaam ilipata kitivo chake mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Sheria ya kuwasajili wahandisi wa Tanzania ilikuwa imetangulia, mwaka 1968, na nyingine ikashika mahali pake mwaka 1997. Tangu 2003 upo mpango wa kuwalea wahandisi vijana kazini, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi humtaka hata mkongwe aendelee kujielimisha muda wote wa kazi yake. Wako wanaonung'unika kwamba hayo ni mambo ya semina na vyeti tu. Manung'uniko hayo yapimwe mahali penye maji, na Babati ni mahali pafaapo.

Mji huu umekaa kando ya ziwa lenye jina lake, chini ya mlima Kwaraa, juu ya barabara ya kale iliyokusudiwa kuunga Cape na Cairo. Mwaka 1990 ziwa lilivimba likaingia mjini. Wataalamu walianza kuulizana kama kisa ni mvua peke yake, au pia kufyekwa kwa pori na misitu katika miinuko inayolizunguka ziwa, ambako mashamba yalikuwa yamepanuka mwaka hata mwaka.

Swali hilo si la wanajiografia tu. Mwaka 1976 maabara ya serikali ya Uingereza iliyochunguza barabara ilitoa njia ya kukadiria mafuriko ya Afrika ya Mashariki, iliyotokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Kwa njia hiyo wahandisi wengi wamepima madaraja na makalavati. Humo kila bonde hupewa namba kwa kadiri ya vazi la ardhi yake: msitu ni 0.33, majani ni 1.00, na ardhi iliyolimwa sana ni 1.50. Namba hizo huzidishwa ndani ya hesabu. Basi bonde lililokuwa msitu likageuka shamba tupu, mengine yote yakibaki yalivyokuwa, hukadiriwa kumwaga maji zaidi ya mara nne ya yale ya kwanza. Kalavati halikuvunjika, saruji haikuoza, wala mhandisi hakukosea siku ile alipolichora. Lakini limekuwa dogo. Ni nani atakayelijua hilo kabla ya mvua kulitangaza? Si mtu aliyeweka madaftari yake kabatini siku ya mahafali.

Tena njia yenyewe ya 1976 imezeeka. Mvua zilizoingizwa ndani yake ni za miaka iliyotangulia, na huchukua kwamba kiteremkacho mlimani ni maji. Tarehe 3 Desemba 2023, Katesh, kusini-magharibi ya Babati katika mkoa huohuo wa Manyara, mlima Hanang uliteremsha matope, mawe na magogo, na watu zaidi ya 80 wakafa. Hakuna kalavati ambalo lingeumeza mzigo ule, na kumlaumu mpimaji wa kalavati kwa maafa hayo kungekuwa dhuluma. Lakini mhandisi ajengaye leo chini ya milima ile amekwisha kupewa somo ambalo mwalimu wake hakuwa nalo.

Hapo ndipo wanung'unikaji wanapokuwa na haki kidogo. Semina ya siku mbili katika ukumbi wa mji mkubwa yaweza kumfahamisha mtu hesabu mpya. Haiwezi kumwonyesha ni bonde lipi limelimwa tangu mwaka juzi. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na mabonde inayoyavuka yanaendelea kulimwa. Mhandisi aliyekabidhiwa kuitunza hana budi kutembea juu ya mkondo wa kila kalavati kabla ya masika, akatazama palipofyekwa na palipoachwa, akawauliza wazee wa vijiji maji yalifika wapi mwaka 1990, kisha arudi ofisini na kuifanya tena hesabu aliyoikuta, akianza na ile namba ya vazi la ardhi.