Minyoo ya Nguruwe na Dawa Zilizozoeleka

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini ya mji wa Kalemie, ambako Kabimba imepata sifa kwa saruji yake, nguruwe ni akiba ya mtu wa hali ya chini, kwa kuwa hula maganda ya mihogo na makombo ya jikoni, na siku ya karo ya shule au ya maradhi huuzwa. Akikonda mgongo ilhali tumbo limefura, mwenyewe aghalabu hununua tembe mbili tatu kwa mchuuzi na kumpa kwa kukisia uzito wake. Historia ya tembe hizo inastahili kuelezwa, maadamu sehemu yake iliyo bora haikuanzia katika dawa.

Mnamo mwaka 1916 mtafiti Francis Stewart alidhihirisha kwa kuwalisha panya mayai ya mnyoo mkubwa, Ascaris, kwamba funza wake hawakai matumboni tangu mwanzo, bali hupenya ini na kufika mapafuni. Mwaka 1922 Mjapani Shimesu Koino alimeza kwa hiari yake mayai 2,000 ya mnyoo wa binadamu, na nduguye akapewa mayai 500 ya mnyoo wa nguruwe. Koino akaugua vibaya, na funza wakaonekana katika makohozi yake. Hapo ikabainika kwa nini wana wa nguruwe hukohoa na kudumaa, na kwa nini ini la nguruwe aliyechinjwa huwa na madoa meupe.

Kutokana na maarifa hayo, Brayton Ransom na wenzake wa serikali ya Marekani waliwafundisha wafugaji wa McLean, katika jimbo la Illinois, utaratibu ambao mimi nauhesabu kuwa hikima kubwa kuliko dawa yoyote iliyofuata: banda lisuguliwe kwa maji yanayochemka, jike aoshwe chuchu kabla ya kuzaa, kisha yeye na wanawe wapelekwe penye ardhi ambayo haikukanyagwa na nguruwe karibuni, wakae huko hadi watoto watimize miezi minne. Mtu wa Kabimba asidhani kuwa kupaka banda chokaa kwatosha, kwani yai la mnyoo huyu lina ganda gumu lisilojali dawa nyingi za kuoshea, nalo huishi udongoni kwa miaka. Liogopalo ni moto na ukavu wa jua.

Kisha zikaja dawa, na bidii ya usafi ikapoa. Baada ya piperazini ya miaka ya 1950 ilifuata thiabendazoli mwaka 1961. Mwaka 1966 maabara ya Janssen huko Beerse, Ubelgiji, ikatangaza tetramisoli, ambayo ndiyo asili ya levamisoli. Na mwaka 1981 ikaingia sokoni ivermektini, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Japani, na ambayo kwa ajili yake Satoshi Ōmura na William Campbell walitunukiwa Nobel mwaka 2015.

Lakini thiabendazoli haikutimiza miaka mitano kabla ya minyoo ya kondoo kuanza kuistahimili. Kwa nguruwe, mwaka 1987 watafiti wa Denmark walieleza kuwa Oesophagostomum, mnyoo afanyaye vinundu katika utumbo mpana, hauawi tena na dawa iitwayo piranteli katika zizi moja. Na baadaye usugu ukaonekana dhidi ya levamisoli pia. Sababu yake si siri: katika maelfu ya minyoo wamo wachache ambao maumbile yao huwawezesha kuhimili, na dozi haba, au dawa ya jamii moja ikirudiwa msimu baada ya msimu, huwaondoa wanyonge na kuwaachia hao wachache uwanja wa kuzaana.

Kwa hiyo mfugaji ampimaye nguruwe wake kwa kamba kifuani kabla ya kumpa dawa, badala ya kukisia kwa macho, ameihifadhi dawa hiyo kwa jirani zake wote. Na ili kujua kama bado yafaa, mayai yaliyomo katika kinyesi huhesabiwa kabla ya tiba na tena baada ya wiki mbili hivi. Yasipopungua kwa sehemu 90 katika 100, shaka ni halali. Hesabu hiyo yataka darubini, maji ya chumvi nyingi, kigae cha kioo chenye mistari na mtu aliyefunzwa, na hivyo vinne ningetamani vifike Kabimba kabla ya shehena nyingine yoyote ya tembe.