Kayamba Yetu Ilivyotoka Pwani

Ukiwauliza wanakwaya wadogo, watakuambia kayamba tulizaliwa nayo hapa Ndanai. Sivyo. Kabla ya ile safari ya Mombasa tulikuwa na kinanda na sauti zetu tu.

Pale Bombolulu tuliwatazama akina mama wa Kigiriama wakicheza na kayamba: matete yamefungwa bapa, mbegu ziko ndani, mikono miwili inatikisa huku vidole gumba vikigonga. Kiongozi wetu wa alto alinunua moja kwa pesa zake za chakula (njaa ya kurudi tuligawana sote).

Nyumbani wazee wa kanisa walikataa. Walikuwa wamesikia, na ni kweli, kwamba kule kayamba hupigwa pia kwenye ngoma za kupunga pepo. Ikakaa stoo miaka miwili. Mimi naona waliogopa jambo lingine: wakikubali ya Wagiriama, nani angeikataza chepkong'o ya babu zetu? Mwishowe mzee mmoja akasema mbegu hazina dini.

Leo kayamba ileile, yenye kamba mpya, itaanzisha wimbo wa kuingia. Chepkong'o bado tunaingojea.