Msee wa Gita Akipanda Wusi: Pedali Gani Abebe, na Stima Isimmalize

Fadhili William Mdawida, mtoto wa Taita, alirekodi Malaika na Jambo Boys mwaka 1960. Maestro FZ-1, ile pedali ya fazi iliyofungulia zingine njia madukani, ilikuja 1962. Yaani ngoma yenye dunia nzima inajua kutoka hizi sides ilikuwa imeshatoka kabla msee yeyote aingie duka kununua fazi. (Nani aliitunga? Hiyo beef tuiachie siku nyingine.) Nasema hivi mapema juu najua kuna mtu anasoma hapa na ameweka doh ya kununua pedali ya nane.

Chukulia mko na shoo Wusi, huko juu kwa milima, wadi ya Wusi/Kishamba, Mwatate. Kutoka Nairobi mnashuka Voi na SGR, mnaingia mathree hadi Mwatate, halafu mnapanda. Kila kitu kiko begani. Kwa hivyo ubao wa pedali uwe ule unaingia kwa begi moja, pedali tano zinatosha. Nimewahi beba nane, nikatumia tatu.

Pia kuna hali ya hewa. Voi ni jua, huko juu kuna baridi na ukungu. Nyuzi za chuma zikipoa zinajikaza na sauti inapanda. Zikipata joto la taa za steji zinalegea, inashuka. Ukifika fungua kesi, acha gita izoee nusu saa hivi, ndo utyuni. Na utyuni tena ukishapanda steji.

Mpangilio sasa. Gita inaingia kwa tyuna kwanza, juu tyuna inataka sauti safi, na ukiikanyaga inanyamazisha kila kitu uzi ukikatika. Inafuata kompresa. Kama ni benga ama rumba, hii ndio pedali siwezi acha nyumbani. Inashusha noti umechapa kwa nguvu, halafu inainua zile umegusa pole, so ile mistari ya haraka ya solo inatoka sawa na kila noti inasikika hata besi ikinguruma. Baada yake ovadraivu, ikiwa chini kabisa, ya kupea solo mwili tu. Ukiifungua yote, benga inageuka uji.

Halafu korasi. Sio ile ya wimbo. Hii inachukua sauti yako, inaichelewesha kidogo sana, inaiyumbisha, kisha inaichanganya na ile ya kwanza mpaka inasikika kama magita mawili. Roland waliiweka ndani ya ampu yao ya JC-120 mwaka 1975, na mwaka uliofuata Boss wakaitoa kama pedali, CE-1. Ukikuta ampu ya ukumbi ni JC-120, acha pedali yako kwa begi.

Mwisho kabisa kabla ya ampu ni dilei, ile ya mwangwi. Ukiiweka mbele ya ovadraivu, mwangwi nao unachafuliwa. Hesabu yake ni rahisi: gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika. Wimbo wa mapigo 120 unakupa milisekunde 500. Benga ya 140 inakupa kama 429, lakini hapo mwangwi unakanyagana na noti zako. Mimi huweka karibu 100, irudie mara moja, basi.

Kebo nayo isiwe ndefu bure. Kebo ndefu inakula ile makali ya juu, na makali ndio benga yenyewe. Mita tano, sita, zinatosha.

Sasa stima, na hapa ndo ngori. Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya plagi. Angalia kile kichoro kidogo karibu na tundu kabla uchomeke adapta ya kuomba. Ukigeuza, ama uipee volti 18 na inataka 9, unaweza kuiua. Kisha jumlisha miliampia. Pedali ya analogi mara nyingi inakula chini ya 20, lakini ya dijitali inaweza vuka 100, zingine hadi 300. Adapta ikizidiwa, ya dijitali inaanza kuzima ama kulia. Pawa saplai yenye matundu yaliyotenganishwa ni ghali kuliko kuziunganisha zote kwa waya moja, lakini ningeinunua kabla ya pedali ya nne.

Na hii ndio ya kusoma mara mbili. Nyuzi zako zimeungana na ardhi kupitia kebo hadi kwa ampu. Mkono uko kwa nyuzi, mdomo uko kwa maiki, na maiki iko kwa mtambo mwingine. Upande mmoja ukikosa waya wa ardhi na ukiwa na hitilafu, stima inapita ndani yako. Les Harvey, gitaristi wa Stone the Crows, alikufa hivyo Swansea, Wales, Mei 1972, akiwa steji. Mimi nilichapwa mdomo kwa harusi moja, kosa la plagi, nikamaliza shoo midomo ikiwa ganzi. Nilibahatika.

Sisi tuko na ile tabia ya kusukuma kalamu kwa tundu la juu la soketi ndo plagi ya pini mbili iingie. Kwa chaja ya simu sawa, tumezoea. Kwa ampu, zii. Lile tundu la juu ndio ardhi yenyewe. Ampu na spika za ukumbi zitoke chanzo kimoja chenye ardhi, hata kama ni jenereta. Kuna mlio unakusumbua? Usikate waya wa ardhi wa stima. Omba fundi boksi la DI lenye swichi ya kutenganisha ardhi ya waya wa sauti pekee. Wayalesi kati ya gita na pedali pia inasaidia, juu kebo ya kupitisha stima hadi kwa nyuzi haipo.

Kwa begi ongeza seti ya nyuzi, kebo mbili za ziada, fyuzi za ampu, na testa ya bisibisi, ile ya mafundi wa stima. Kabla ya kusema "testing testing", gusa kichwa cha maiki na testa. Ikiwaka, shuka. MC apige stori na watu mpaka fundi amalize.