Mahjub bin Adam Mohamed

Mahjub bin Adam Mohamed (1904–1944), aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alikuwa askari mkongwe wa Vita Kuu ya Kwanza, mwalimu wa Kiswahili na mwigizaji wa filamu. Alizaliwa Dar es Salaam. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la kikoloni la Wajerumani. Vita vilipozuka mwaka 1914 aliingia jeshini angali mtoto. Mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanzania ya leo, akatekwa na Waingereza.

Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara ambao yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Akajibiwa kwamba amechelewa. Alibaki huko, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland na kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1933 alimwoa Maria Schwandner. Alikuwa na watoto watatu, na hakuna aliyefikia utu uzima.

Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji wa vita, akanyimwa. Kwa mtu aliyemwaga damu kwa ajili ya bendera ya Ujerumani tangu utotoni, hiyo ilikuwa dhuluma ya wazi. Mwaka 1941, baada ya kuigiza katika filamu ya *Carl Peters*, alikamatwa na utawala wa kibaguzi wa Wanazi kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe la kumbukumbu lenye jina lake liliwekwa Berlin mwaka 2007.