Ng'ambo ya Uwanja: Kituo cha Rusizi I na Mashindano ya CHAN ya Mwaka 2016

Mashindano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani (CHAN) yalifanyika nchini Rwanda kuanzia tarehe 16 Januari hadi 7 Februari 2016. Masimulizi yake yamefuata kwa kiasi kikubwa viwanja vinne: Amahoro na Nyamirambo mjini Kigali, Huye, na Rubavu. Wilaya ya Rusizi haikuwa na kiwanja katika ratiba, ikaachwa pembeni. Kuiacha huko ni kosa, kwa kuwa sehemu ya mashindano hayo isiyosimuliwa ipo darajani.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza Kundi B mjini Huye, ikaifunga Ethiopia 3–0 tarehe 17 Januari na Angola 4–2 siku nne baadaye. Mkazi wa Bukavu aendaye Huye huvuka mto Rusizi pale unapotoka Ziwa Kivu, hupanda Kamembe, kisha hupita msitu wa Nyungwe. Kinshasa, kwa upande mwingine, iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 na haina barabara ya uhakika kutoka Kivu Kusini. Hata saa zao hazilingani: ya Bukavu ni ile ya Kigali, ilhali Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Kwa wiki hizo chache, basi, timu ya taifa ya Kongo ilikuwa karibu zaidi na mashabiki wake wa Bukavu ilipocheza ugenini kuliko inapocheza nyumbani. Hoja hiyo haionekani kutoka jukwaa la waandishi la Amahoro, huonekana mpakani.

Tarehe 30 Januari, siku ya Jumamosi, majirani hao walikutana katika robo fainali. Gikanji aliitanguliza Kongo, Sugira akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Bompunga akafunga la pili. Rwanda ikatolewa kwa 2–1. Maisha ya Rusizi I huendeshwa na wanawake wenye vikapu vya mboga, wabeba mizigo na wabadilisha fedha, ambao wengi wao huvuka kwa cheti kidogo kiitwacho jetoni. Nani alimtania nani baada ya mchezo huo, na kwa lugha gani: Kinyarwanda, Kimashi au Kiswahili? Utani huo hauwezi kuchukuliwa kuwa jambo dogo. Mnamo Agosti 1994, wanajeshi wa Ufaransa wa Operesheni Turquoise walipoondoka Cyangugu, makumi ya maelfu ya wakimbizi walivuka hapo kuingia Bukavu. Miaka miwili baadaye vita vilifuata upande wa pili. Mpaka ambao watu wake wanaweza kutaniana kuhusu penalti na kadi una habari ambayo takwimu za forodha haziwezi kuibeba.

Vyanzo vya historia hiyo vipo, lakini ni dhaifu. Rejista za uhamiaji za siku za mechi zingeonyesha kama idadi ya wavukaji ilibadilika. Kanda za redio za mahali, kama Radio Maendeleo ya Bukavu, zingehifadhi sauti za wakati ule, iwapo hazijafutwa ili kurekodiwa upya. Kumbukumbu za wachuuzi hupungua kadiri wanavyozeeka au kuhama. Na tangu Bukavu ilipotwaliwa na waasi wa M23 mnamo Februari 2025, kazi ya kuwatafuta imekuwa ngumu zaidi.

Septemba mwaka huohuo, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika, na kwa mara nyingine macho yakaelekezwa mji mkuu. Washauri wa sera wanaoandaa taarifa za athari za matukio ya aina hii huhesabu vyumba vya hoteli na tiketi. Rusizi I yafaa kuhesabiwa tangu siku ya kwanza, kwa kumweka mtu mmoja darajani mwenye daftari, anayejua Kiswahili, kabla ya mchezo na asubuhi inayofuata. Tarehe 7 Februari 2016, Kongo ilipoifunga Mali 3–0 na kutwaa kombe mjini Kigali, mtu huyo hakuwepo.